Pumzi za Dakika Nzima

9 Februari

Mama mkubwa wangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba ngazi za nyumba ya kaka hazijayamaliza magoti yako. Huku sote hatujambo. Mama yuko kwenye vita na fundi wa paa, wiki ya tatu sasa. Fundi anasema kazi imeisha. Mama anasema ndoo iliyoko sebuleni haikujiweka yenyewe. Ananituma nikwambie kwamba hajamsahau dada yake, ila yeye kuandika hapendi na wewe simu huipendi, kwa hiyo mimi ndiye tarishi wenu. Nibusie Kibibi, mtoto wa kaka. Mwambie shangazi yake ana hamu ya kumbeba.

Sasa kaa kitako. Umekaa? Nimechaguliwa kuwa muuguzi kiongozi wa utafiti mpya wa wodi ya watoto. Mimi! Tuliomba tisa. Nilipoitwa ofisini kwa Profesa nilidhani nimeharibu kitu, nikaanza kujitetea kabla sijaulizwa. Akaningoja nimalize, kisha akauliza nani alinifundisha kazi. Nikasema, "Mama yangu mkubwa, yule mliyekuwa mkimwita Kamanda." Akacheka, akasema, "Basi sina swali lingine." Nilitoka mle nikitembea kama korido yote ni yangu.

Wodi unaijua kuliko mimi, bado ni ileile uliyoiacha miaka mitano iliyopita: vitanda thelathini na viwili, mashine za oksijeni nane. Wakija watoto kumi na wawili wa homa ya mapafu, wanne wanasubiri na sisi roho juu. Profesa anataka kujua hivi: mtoto akianza kupata nafuu, pumzi zake zishuke hadi ngapi kwa dakika ndipo tumtoe mrija wa oksijeni bila kumhatarisha? Tukiijua namba hiyo, mashine itahamia kwa mwenzake mapema. Kila baada ya saa nne tunahesabu pumzi za kila mtoto na kuziandika kwenye fomu ya bluu inayoning'inia miguuni pa kitanda. Mimi ndiye ninayezikusanya fomu zote na kuziingiza kwenye kompyuta. Septemba, matokeo yatasomwa kwenye mkutano mkubwa wa madaktari.

Nimeandika sana, najua. Umenizoea.

Mwanao,
Chiriku


28 Februari

Chiriku wangu,

Marahaba, na hongera, na hongera tena! Barua yako nimeisoma kwa sauti nikiwa nimesimama mlangoni, mpaka mke wa kaka yako akadhani kuna aliyekufa. Magoti yapo, yananiuma, usiyaulize. Kaka yako hajambo, kazini wanamchosha. Kibibi ana miezi minne na anakoroma kama mzee. Mwambie mdogo wangu fundi wa paa habembelezwi. Amfungie ngazi yake mpaka ndoo ikauke, ataona.

Nimeshawaambia watu. Nimemwambia muuza dawa wa hapa chini, nimemwambia fundi cherehani, nimemwambia mama mmoja tuliyepanga naye foleni ya vitambulisho ambaye hata simjui. Kaka yako amenikataza kumsimulia tena mkewe. Eti ameshasikia mara nne. Amesikia mara tatu tu. Ya nne alikuwa anasinzia, haihesabiki.

Sikiliza. Miaka thelathini na mmoja nimesimama kwenye wodi hiyo. Hakuna muuguzi hapo ambaye hakupita mkononi mwangu, akalia msalani, akarudi akaendelea na kazi. Sasa wakubwa wanataka kuandika kitabu kutokana na kazi ya mikono hiyo. Mimi kichwa kimevimba na sitaki kipungue. Kuwa mkali kwenye fomu zako. Anayeandika vibaya mrudishie, hata akinuna. Mnuno hauui mtu.

Mimi,
Mama yako mkubwa


17 Mei

Mama mkubwa,

Shikamoo. Hatujambo. Paa limepona. Mama anakusalimu.

Samahani nimechelewa, kazi ni nyingi. Utafiti unaendelea. Watoto tisini na mmoja mpaka sasa.

Nilitaka kukuuliza jambo dogo tu. Ulipokuwa unatufundisha kuhesabu pumzi, ulikuwa unasema tufanyeje hasa? Nakumbuka, lakini nataka nisikie kwako.

Msalimie kaka.

Chiriku


2 Juni

Chiriku,

Marahaba. Sisi wazima. Kibibi anakaa mwenyewe sasa, akianguka anamlaumu aliye karibu. Kaka yako amepandishwa cheo, atakuandikia, ingawa tunajua hataandika.

Haya, wewe una nini? Barua yako ni fupi kama cheti cha dawa. Mtoto niliyemlea mimi, ambaye akitumwa chumvi alirudi na habari za mtaa mzima, ananiandikia mistari kumi? Mama yako anaumwa? Umegombana na Profesa? Kuna mwanamume? Sema.

Swali lako nakujibu, japo najua jibu unalo. Unasimama upande wa mtoto, unamfunua kifua, unaangalia saa, unahesabu nusu dakika, unazidisha mara mbili, unaandika, unakwenda kitanda kinachofuata. Ndivyo nilivyowafundisha wote. Nilianza mwaka ule wa surua tulipokuwa wauguzi wawili kwa watoto sitini. Ungesimama dakika nzima kwa kila mmoja, wa mwisho ungemkuta amekata roho. Nusu dakika ndiyo iliyonipa muda wa kuwafikia wote, na mimi najivunia. Metroni wa wakati ule aliniona, akasema wodi nzima ifuate. Mpaka leo mnafuata, au siyo?

Sasa niambie kwa nini umeuliza.

Mama yako mkubwa


20 Juni

Mama mkubwa mpendwa,

Shikamoo. Mama mzima, Profesa sijagombana naye, na mwanamume hakuna, ungekuwa wa kwanza kujua. Nimeichana barua hii mara tatu. Hii ya nne naituma hata ikiwa mbovu.

Mwezi wa nne tulimlaza mtoto wa mwaka mmoja na miezi miwili. Baba yake ni seremala, mtu mpole, anashinda kando ya kitanda na penseli sikioni kana kwamba ataitwa kazini wakati wowote. Asubuhi moja nikahesabu, nikaandika arobaini na nane. Akaniambia kwa adabu, "Sista, samahani. Mimi kazi yangu ni vipimo. Nimemhesabu mara tatu, dakika nzima nzima. Nimepata arobaini na tatu, arobaini na tano, arobaini na nne. Wewe umepataje arobaini na nane?" Nikatabasamu, lile tabasamu tunalowapa wazazi. Nikapita.

Lakini lilinikaa. Nikakaa mbele ya kompyuta nikaanza kuzipitia namba zetu. Mama mkubwa, tumehesabu mara elfu mbili mia saba na kumi na tisa. Thelathini na nane zipo tele. Arobaini, arobaini na mbili, hamsini na sita, tele. Arobaini na tatu hakuna. Arobaini na tano hakuna. Namba zisizogawanyika kwa mbili ni kumi na moja tu kwenye utafiti mzima, na zote zimeandikwa na muuguzi mmoja aliyehamia kwetu mwezi wa tatu kutoka hospitali nyingine. Peke yake ndiye ambaye hukumfundisha wewe.

Karatasi ya maelekezo ya utafiti inasema dakika nzima. Nimeisoma mimi, nimewasomea wenzangu, wote tumeitikia, kisha tumekwenda vitandani tukafanya kama mikono ilivyozoea. Na mimi pia. Nyingi kati ya namba hizo ni zangu.

Nilijiambia tofauti ni ndogo. Nikachukua saa, nikasimama kwa kila mtoto wiki nzima. Mtoto mgonjwa hapumui sawasawa. Anakimbiza pumzi, anapumzika, anakimbiza tena. Ukimkuta kwenye mbio unaandika nyingi, ukimkuta kwenye mapumziko unaandika chache, na kosa lako unalizidisha mara mbili. Sisi tunatafuta namba ya kumtolea mtoto mrija, Mama mkubwa. Tukikosea namba hiyo, mtoto atatolewa oksijeni kabla ya wakati, kwenye hospitali ambazo hata hatutazijua.

Hakuna aliyeona ila mimi. Profesa ameshaanza kuandika hotuba yake ya Septemba. Nikinyamaza, itapita. Jumatatu nitamwambia. Ninaogopa, lakini nitamwambia. Kitu ambacho sijui ni nitakavyosema mazoea haya yametoka wapi.

Usinichukie.

Chiriku


3 Julai

Mama mkubwa,

Shikamoo. Sijapata jibu lako, labda tumepishana njiani.

Nimemwambia. Alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu sana kwa tai yake, akaniuliza kama nina hakika. Nikamwonyesha namba. Akasema, "Nusu mwaka." Kisha akasema, "Afadhali umeniambia wewe kuliko kuambiwa na jeneza." Amejiondoa kwenye mkutano wa Septemba. Miezi mitano yote tumeitupa, tunaanza upya na mtoto wa kwanza. Wenzangu wengine hawanisalimu kwenye korido. Nilidhani na mimi ataniondoa kwenye utafiti. Hajaniondoa.

Aliniuliza kosa limeanzia wapi. Nikasema ni mazoea ya wodi na kwamba sikusimamia vizuri. Sikusema zaidi.

Chiriku


11 Agosti

Mama mkubwa,

Shikamoo. Hii ni ya tatu bila jibu. Mama amempigia kaka, kaka anasema uko sawa, una shughuli. Shughuli gani? Wewe hujawahi kuwa na shughuli iliyokuzuia kunijibu, hata ulipovunjika mkono uliniandikia kwa mkono wa kushoto.

Jina lako sijalitaja popote na sitalitaja. Kama ndilo linalokuuma, lala salama.

Mwanao


30 Agosti

Chiriku,

Marahaba. Kaka yako hajambo, mkewe hajambo. Kibibi hajambo sasa. Nimeandika "sasa" na nitakueleza.

Barua yako ya Juni niliisoma mara moja, nikaisukumiza kwenye droo ya soksi. Hasira iliyonishika usiombe! Nilisema, ala, huyu niliyemfunga nepi ndiye wa kunifundisha kuhesabu? Thelathini na mmoja, mwanangu. Miaka. Likizo zangu nimezilalia kwenye viti vya wodi hiyo. Halafu seremala mmoja mwenye penseli anakuja kuifuta kazi yangu yote kama hesabu ya ubao. Nilikuandikia majibu mawili ya matusi. Shukuru Mungu stempu zilikuwa zimeisha.

Ya Julai ikaja, ya Agosti ikaja, nazo nikazitia drooni. Usiseme nilikuwa na shughuli. Nilikuwa nimenuna.

Wiki mbili zilizopita Kibibi akaamka na kikohozi. Asubuhi, saa mbili hivi, baba yake ameshaondoka. Mama yake akaniletea akisema, "Mama, hebu mwangalie wewe mtaalamu." Nikamlaza kitandani kwangu, nikamfunua kifua, nikatazama saa. Nusu dakika: ishirini na mbili. Mara mbili: arobaini na nne. Kwa mtoto wa miezi kumi hiyo si pumzi ya kutisha. Nikasema kwa sauti ya Kamanda, "Mpe maji, mafua tu hayo." Mama yake akaanza kumvalisha.

Na mimi nikashindwa kuinuka. Nilikuwa nimekaa juu ya kitanda kilekile, droo iko pembeni, na maneno yako yananikera masikioni: anakimbiza, anapumzika, anakimbiza. Nikasema, mlete tena huyo mtoto. Nikahesabu dakika nzima. Hujui ilivyo ndefu, Chiriku, dakika nzima, kwa mtu aliyezoea kuondoka katikati. Nusu ya kwanza, ishirini na mbili tena. Nikasubiri. Nusu ya pili akaanza kukimbia. Thelathini na moja. Jumla hamsini na tatu, na kwa umri wake hamsini tayari ni hatari.

Nilivaa viatu vya mke wa kaka yako, vya kisigino, na magoti haya, kwa sababu ndivyo vilivyokuwa karibu na mlango, tukamkimbiza hospitali. Homa ya mapafu, pande zote mbili. Daktari alisema tumewahi. Siku nne kwenye oksijeni. Sikukuandikia wakati ule kwa sababu sikutoka kando ya kitanda chake, na baadaye kwa sababu ya aibu. Mjukuu wangu ningempa maji na kumwacha afe huku najisifu.

Sasa sikia, na hii ni amri. Usinifiche nyuma ya neno "mazoea". Mazoea hayana miguu, hayakuingia wodini yenyewe. Niliyaingiza mimi. Mwaka ule wa surua yalikuwa na sababu, na sijutii. Watoto sitini niliwafikia. Kosa langu ni kwamba surua iliisha, wauguzi wakaongezeka, na mimi sikurudi kuwaambia kwamba ile ilikuwa njia ya dhiki. Niliona raha kuitwa mwepesi.

Nimeweka karatasi ndani. Wasomee wote, na huyo mgeni pia, na Profesa akiwa amesimama hapo. Usibadilishe hata nukta:

"Wanangu wa wodi. Mimi niliyewafundisha kuhesabu nusu dakika niliwafundisha vibaya. Wala sikuwafundisha kwa ubaya, lakini ni vibaya vilevile. Aliyeligundua ni mtoto wangu, na mnaomnunia mnanunia asiyestahili. Kama kuna wa kununiwa ni mimi, na niko mbali, kwa hiyo mtachoka bure. Hesabuni dakika nzima. Mkiona ni ndefu, hiyo ndiyo kazi yenyewe. Kamanda."

Nimezaa watoto watatu na wewe ni wa nne ambaye sikumzaa. Sijawahi kujivunia yeyote kati yenu kama ninavyojivunia wewe kwa kumwendea Profesa siku ile. Ndiyo, nimesema. Usinisemeshe tena.

Mama yako mkubwa


25 Septemba

Mama mkubwa wangu, mama mkubwa wangu,

Shikamoo mara mia! Nimelia kwenye basi mpaka kondakta akanirudishia nauli akidhani ndiyo iliyoniliza. Kibibi! Na hamkutuambia! Mama amempigia kaka, amemfokea dakika ishirini, kisha amekaa chini akalia na yeye. Anasema ukivaa tena visigino atakuja huko kukuvua kwa mikono yake.

Nimeisoma. Ilikuwa wakati wa kukabidhiana zamu mchana, wote tumesimama pale kwenye meza ya dawa. Profesa alikuja na koti lake jeupe lenye wino mfukoni. Nilipofika "mtachoka bure" wakacheka, na yule mnene wa zamu ya asubuhi, uliyemliza zaidi ya wote, akaanza kupenga kamasi kwa shashi. Nikamaliza kusoma. Halafu yeye huyohuyo akaenda kitanda namba tisa, akasimama, akatazama saa. Wote tukamngoja. Alipomaliza akaandika kwenye fomu, akageuka, akasema, "Thelathini na saba," kama mtu anayetangaza mshindi. Watu wakapiga makofi, mama wa mtoto akashtuka, ikabidi tumweleze.

Mpaka leo tuna watoto arobaini na wawili wapya. Namba zimechanganyika vizuri, shufwa na witiri, kama zinavyopaswa. Mapema kusema, lakini tayari tunaona tofauti: watoto tuliodhani wako tayari kutolewa mrija, wengine bado. Wengine tuliowaweka siku mbili zaidi walikuwa tayari zamani. Profesa anasema utafiti huu utakuwa bora kuliko ule wa kwanza ungewahi kuwa. Na ameandika ripoti ya kosa, kurasa sita, aipeleke kwa hospitali nyingine, kwa kuwa anadhani si sisi peke yetu. Ameniambia jina langu litaandikwa la kwanza, kabla ya lake. Nimelisoma mara nyingi, sitakwambia ngapi.

Sasa ombi lake. Mwezi wa kumi na moja tunapokea wauguzi wapya kumi na wanne. Anataka somo la kwanza, la kuhesabu pumzi, lifundishwe na wewe. Tiketi hospitali itatuma. Nilimwambia huenda ukakataa. Nakuomba usikatae, lakini ukikataa nitaelewa, kusimama pale mbele ya watu si jambo dogo.

Mwanao,
Chiriku


12 Oktoba

Chiriku wangu,

Marahaba. Kaka yako amerudi kuwa mnene, mkewe ameficha viatu vyake, Kibibi anatembea kwa kushika viti na hakuna chombo kilicho salama.

Ombi lako nililikataa mara mbili kabla sijaketi kuandika. Nilikataa nikifua, nikakataa nikipika uji wa mtoto. Nilisema, waniite niende kupewa ua na kusifiwa, hapo nitakwenda mbio. Lakini kusimama mbele ya watoto wa watu niseme nilikosea miaka thelathini na mmoja? Nikaona uso unawaka moto nikiwa peke yangu jikoni.

Kisha nikawafikiria hao kumi na wanne. Wanakuja na mikono mipya, haijazoea chochote. Watakachoshika siku ya kwanza ndicho watakachozeeka nacho. Najua, nimeshika kazi hiyo. Sasa nani wa kuwaambia jinsi njia ya mkato inavyoingia wodini kwa sababu nzuri na kukataa kutoka? Wewe hujui. Wewe uliipokea tu. Mimi ndiye niliyeifungulia mlango.

Nakuja. Mama yako aniandalie godoro gumu, na huyo fundi wa paa nimkute amelipwa au amehama. Nitafutie mtoto anayekaribia kwenda nyumbani, aliyetulia, ambaye mama yake ameridhia. Waambie hao wapya wanyamaze dakika nzima, na atakayekohoa atoke nje. Wewe usikae nyuma na hao wakubwa. Simama upande wa pili wa kitanda, na saa yako mkononi, uhesabu pamoja na mimi.

Macho yangu si yale, Chiriku, na kichwa kinaweza kunipotea nikifika thelathini. Nikikosea, nisahihishe palepale, mbele yao wote, kwa sauti. Nami nitakujibu, "Ndiyo, sista," kama walivyokuwa wakinijibu mimi.

Mama yako mkubwa